Kupima na Kudhibiti Presha ya Turbo Katika Gari Lililoongezwa Nguvu, Ukiwa Nairobi

Mwenye gari la turbo anapofika karakanani akitaka nguvu zaidi, swali la kwanza analoulizwa kwa kawaida ni, "Boss, tukuwekee ngapi?" Kwa maoni yangu, kuna swali linalopaswa kulitangulia hilo: kwa sasa gari linatoa ngapi, na ni kitu gani kinachoizuia presha isipite hapo? Asiyeweza kulijibu swali hilo hajawa tayari kuongeza chochote, hata kama ameshanunua geji nzuri na kifaa cha kudhibiti presha kutoka Kirinyaga Road, ambayo wengi wetu bado tunaiita Grogan.

Maelekezo haya yanahusu gari la petroli lenye turbo moja inayodhibitiwa kwa westigeti, kama vile Subaru Impreza WRX, Forester ya turbo, Mitsubishi Lancer Evolution, au Toyota yenye injini ya 1JZ-GTE ya VVT-i. Hayahusu dizeli kama 1KD-FTV ya Prado, ambayo turbo yake huongeza na kupunguza presha kwa mabawa madogo yanayojipinda ndani ya nyumba ya moshi. Wala simshauri mtu kujifunzia kwenye Legacy ya turbo mbili zinazopokezana, kwa sababu mipira yake ya vakyum imesokotana kama tambi, na mmoja ukirudishwa mahali pasipo pake utatafuta kosa wiki nzima.

Kinachoizuia presha

Moshi unaotoka kwenye silinda huzungusha gurudumu la upande wa moto, nalo limefungwa kwenye mhimili mmoja na gurudumu la upande wa baridi, ambalo huvuta hewa na kuisukuma kupitia intakula, yaani kipoza hewa, hadi kwenye manifoldi, yaani mabomba yanayoigawa hewa kwa silinda. Hewa ikizidi, mafuta huongezwa, moshi huongezeka, na moshi huo huizungusha turbo kwa kasi zaidi. Mzunguko huo ukiachwa wenyewe utapanda mpaka kitu kivunjike. Kinachoukata ni westigeti, yaani kibao cha chuma kilicho ndani ya nyumba ya moshi, ambacho kikifunguka huupitisha moshi kando ya gurudumu bila kulizungusha. Kibao hicho husukumwa na ufito unaotoka kwenye kopo la bati lenye kiwambo cha mpira na springi ndani yake. Mpira mwembamba huleta presha kutoka kwenye turbo hadi kwenye kopo, na presha ikiishinda springi, ufito husogea na mlango hufunguka.

Ukielewa kopo hilo umeelewa karibu kila kitu kinachofuata. Presha ya chini kabisa ambayo gari litatoa ukiwa umekanyaga mafuta hadi mwisho ni ile ya springi, na hakuna kifaa, cha mkono wala cha umeme, kinachoweza kuishusha chini ya hapo, kwa kuwa kazi ya vifaa hivyo vyote ni moja tu: kulidanganya kopo lione presha ndogo kuliko iliyopo. Kwa sababu iyo hiyo, chochote kinachokata mawasiliano kati ya turbo na kopo, uwe ni mpira uliopasuka, uliochomoka au ulioziba, huifanya presha ipande. Watu wengi hutarajia kinyume chake, kwamba mpira ukivuja presha itashuka, na ndiyo maana kosa hili huwakuta wamelala.

Mimi mwenyewe lilinikuta Waiyaki Way, nikipanda kutoka Kangemi kuelekea Uthiru katika Forester yangu. Mshale wa geji uliozoea kusimama bar 0.8 ulipita 0.9, ukapita 1.0, na kabla sijaondoa mguu ulikuwa umevuka 1.2, hapo kompyuta ikakata mafuta na gari likasita ghafla kana kwamba limekamatwa na mkono kutoka nyuma. Niliegesha, nikafungua boneti, nikapapasa kila mpira bila kuona lolote. Fundi aliyekuja jioni hakuhangaika na macho. Alichomoa mpira wa kwenye kopo, usiozidi urefu wa kidole, akaupinda kama herufi C, na upande wa chini ukafunguka kama mdomo wa samaki. "Mzee, huu umechoka zamani," akasema, kisha akaukata wote na kuutupa ili nisije nikaurudisha. Tangu siku hiyo mipira hiyo huibadilisha kabla haijachoka, na mipya huwa ya silikoni nene, iliyobanwa kwa klipu kila mwisho.

Niongeze hapa jambo moja kuhusu vali ya kupumulia, ile inayotoa mlio wa "psss" unapobadilisha gia na ambayo vijana wa mtaani huipenda kuliko gari lenyewe. Vali hiyo hutoa hewa unapoachia mafuta, basi. Haipangi presha ya juu ya turbo, na kukaza springi yake kwa matumaini ya kuongeza nguvu ni kupoteza muda, ingawa ikiwa inavuja itakupunguzia presha uliyo nayo.

Bar moja ya Nairobi na bar moja ya Mombasa

Geji ya kawaida ya turbo haipimi hewa yote iliyomo kwenye manifoldi, bali hupima tofauti kati ya hewa hiyo na hewa ya nje. Kopo la westigeti hufanya vivyo hivyo, kwa sababu nyuma ya kiwambo chake kuna hewa ya nje. Pwani, hewa ya nje ina presha ya takriban bar 1.01. Nairobi, tukiwa kati ya mita 1,700 na 1,800 juu ya usawa wa bahari, ni takriban bar 0.82 tu. Kwa hiyo geji inaposoma 0.9 hapa mjini, injini inapokea jumla ya bar 1.72, na geji iyo hiyo ikisoma 0.9 Nyali, kule Mombasa, injini inapokea 1.91.

Hesabu hiyo ina matokeo mawili yanayoelekea pande tofauti. La kwanza ni kwamba gari la Nairobi linaweza kuonyesha namba ya kujivunia kwenye geji huku injini ikiwa haijapokea hewa nyingi kiasi hicho, jambo linaloipunguzia mzigo. La pili ni kwamba turbo yenyewe inafanya kazi ngumu zaidi. Kusukuma bar 1.0 juu ya hewa ya pwani kunaitaka turbo iizidishe hewa mara 2 hivi. Kusukuma bar 1.0 juu ya hewa ya Nairobi kunaitaka iizidishe zaidi ya mara 2.2, na kwa hilo ni lazima izunguke kwa kasi zaidi na kuipasha hewa joto zaidi. Turbo ndogo kama TD04 ya Forester, ambayo hata pwani huanza kuchoka mizunguko ikikaribia 6,000 kwa dakika, hapa hufika mwisho wa pumzi yake mapema. Ukiona presha inapanda vizuri hadi mizunguko 4,000 kisha inashuka polepole jinsi injini inavyokwenda juu, usikimbilie kuzungusha kifaa chochote. Mara nyingi turbo inakwambia kwamba hewa imeisha, na kuilazimisha ni kuichosha beringi na kuijaza injini hewa ya moto. Watengenezaji wanalijua jambo hili. Kompyuta ya Subaru, kwa mfano, hupima hewa ya nje na kupunguza lengo la presha unapopanda milimani. Asiyelijua huidhania gari ni bovu.

Kwenye mizunguko ya chini pia geji ya Nairobi huwachanganya watu. Injini nzima ambayo pwani ingeonyesha vakyum ya karibu 0.65 ikiwa imesimama ikinguruma, hapa itaonyesha karibu 0.5, na nimeshuhudia injini zisizo na tatizo lolote zikihukumiwa kuwa ringi zimekwisha kwa sababu hiyo pekee. Kabla ya yote hayo, angalia geji yako inasoma kwa kipimo gani. Nyingi za Kijapani zimeandikwa kwamba namba izidishwe kwa kPa 100, hivyo 1 ni sawa na bar moja. Nyingine hutumia kilo kwa sentimita mraba, ambayo ni karibu sawa. Na nyingine husoma psi, ambapo bar moja ni 14.5. Mazungumzo mengi ya "yangu ina kumi na nne" na "yangu ina moja" ni ya watu wawili wenye presha ileile.

Kabla ya kugusa chochote

Geji ipate hewa yake kutoka kwenye manifoldi, baada ya kipepeo cha hewa, kile kinachofunguka unapokanyaga mafuta. Usiiunganishe kwenye mpira unaokwenda kwenye kopo, kwa sababu hapo utapima uongo unaoambiwa kopo na si presha inayoingia kwenye injini. Pamoja na geji hiyo unahitaji kipimo cha mchanganyiko wa hewa na mafuta chenye sensa ya wigo mpana kwenye ekzosi. Nakubali kwamba ni gharama, lakini kuongeza presha bila kipimo hicho ni kutembea gizani. Injini ya petroli ikiwa kwenye presha kamili inapaswa kuonyesha kati ya 11 na 11.8 hivi, yaani sehemu hizo za hewa kwa sehemu moja ya mafuta. Namba ikipanda kuelekea 12.5 na zaidi huku presha ikiwa juu, mafuta hayatoshi, na unapaswa kuachia mguu hapo hapo.

Kisha tafuta mivujo, na fanya hivyo kwa mikono yako. Nunua kwenye duka la vifaa vya mabomba kifuniko cha paipu ya plastiki kinachotosha kwenye mdomo wa turbo, kitoboe tundu, kikazie ndani yake vali ya tairi, kisha kifunge kwa klipu mahali ambapo paipu ya kichujio cha hewa huingia kwenye turbo. Ziba mpira wa hewa inayorudi kutoka kwenye tumbo la injini, maana usipouziba utasukuma presha kwenye sili za mafuta na kujiundia kazi mpya. Jaza hewa polepole hadi presha unayokusudia kutumia, usizidishe, huku mwenzako akipaka povu la sabuni kwenye kila maungio, kwenye intakula na kwenye mihuri ya manifoldi. Intakula ya juu ya Subaru huvuja sana pale paipu za plastiki zinapokutana na alumini. Mvujo mdogo hautakuzuia kufikia presha. Turbo itaufidia kwa kuzunguka kwa kasi zaidi, na hilo ndilo baya lake.

Plagi ziwe mpya, za kiwango kimoja cha ubaridi zaidi ya zile za kiwandani ikiwa unakusudia kuongeza presha kwa kiasi cha maana, na pengo lake libanwe hadi karibu milimita 0.7, kwa sababu cheche hupulizwa na hewa nzito. Chunguza pampu ya mafuta na ukubwa wa injekta zinazonyunyiza mafuta. Injekta zikishafika asilimia 85 hadi 90 ya muda wake wa kufunguka, hazina akiba ya kukupa. Na kuhusu petroli, kumbuka kwamba magari kama STI na Evolution yaliyotengenezwa kwa soko la Japani yalipangwa kwa mafuta ya huko yenye oktani, yaani uwezo wa kustahimili kugonga, ya karibu 100. Petroli ya vituo vyetu iko chini ya hapo. Gari la aina hiyo lililotoka melini likiwa na programu yake ya Kijapani tayari linakaribia ukingo kabla hujaongeza hata robo ya bar, na injini inayogonga chini ya presha, yaani mafuta yakijilipukia yenyewe ndani ya silinda, huvunja kingo za ringi kwenye pistoni. Wenye injini za Subaru EJ25 wanaujua ugonjwa huo kwa jina.

Kupima msingi

Chomoa kifaa chochote cha kudhibiti presha, kisha unganisha mpira mmoja mfupi kutoka kwenye chuchu ya turbo moja kwa moja hadi kwenye kopo. Sasa gari liko kwenye presha ya springi. Likiwa limepata moto, liweke gia ya tatu, anza mizunguko 2,500, kanyaga mafuta hadi mwisho na uyashikilie mpaka karibu 6,000, huku mtu wa pili, wala si dereva, akiisoma geji. Andika namba tatu: presha ya juu kabisa iliyofikiwa, presha iliyobaki kwenye mizunguko 5,000, na mizunguko ambayo presha ilifika kilele. Rudia mara tatu, ukiliacha gari lipoe kila baada ya mkimbio.

Ni wapi pa kufanyia? Thika Road saa tano ya usiku si karakana, ingawa wengi wameigeuza kuwa hivyo. Kikomo cha gari dogo, hata kwenye barabara kuu iliyotenganishwa katikati, hakizidi kilomita 110 kwa saa, na hata gia ya tatu hukipita kabla injini haijamaliza mizunguko yake. Tena, presha ya gia ya tatu haitoshi: kwenye gia ya nne injini hubaki chini ya mzigo kwa muda mrefu zaidi na presha hupanda juu zaidi, na gia ya nne barabarani ni kasi ambayo huwezi kuitetea mbele ya polisi wala mbele ya mama wa mtoto aliyekuwa akivuka. Tafuta karakana yenye dayno, ile mashine ya roli inayopima nguvu za gari likiwa limesimama mahali pamoja. Ada ya saa moja ni ndogo kuliko bei ya injini iliyotumika, na fundi anaisoma skrini akiwa amesimama.

Ikiwa namba za msingi zinakuridhisha, acha hapo. Ikiwa tayari ziko juu kuliko injini inavyovumilia, tiba ni springi laini zaidi au kopo jingine. Kifaa cha kudhibiti hakitakusaidia.

Kifaa cha mkono

Kifaa cha mkono kilicho bora kwa bei nafuu ni kile chenye gololi na springi ndani ya bomba la shaba. Huizuia presha isilifikie kopo kabisa mpaka gololi isukumwe, na kwa hiyo westigeti hubaki imefungwa na turbo huamka mapema. Kile cha kumwaga hewa, ambacho kwa kweli ni bomba lenye skrubu, hufanya kazi pia, lakini hubadilika kwa joto la siku na kuamka kwake ni kwa uvivu. Kifunge kifaa karibu na kopo, mshale wake ukielekea kwenye kopo, na hakikisha kile kitundu chake kidogo cha pembeni hakijazibwa na vumbi. Ndicho kinachoitoa hewa iliyonaswa unapoachia mafuta, na kikiziba westigeti itachelewa kujifunga.

Anza skrubu ikiwa imelegezwa kabisa. Fanya mkimbio mmoja na uhakikishe presha ni ya msingi au juu yake kidogo. Halafu kaza robo mzunguko, kimbia, soma. Kaza robo nyingine, kimbia, soma. Robo ya kwanza huenda isionyeshe kitu, na ya tatu ikakurushia presha kwa ghafla, ndiyo maana hakuna busara ya kuzungusha nusu kwa haraka. Simama bar 0.1 chini ya lengo lako, kwa sababu usiku wa Julai hewa ya Nairobi ni baridi na nzito, na gari lililopangwa mchana wa Februari litasukuma zaidi. Ukimaliza, kaza nati ya kufungia na uweke alama ya rangi kwenye skrubu. Kwenye Forester yangu mimi huweka rangi nyeupe ya kucha, ambayo niliiazima nyumbani bila ruhusa.

Usitumie kifaa cha mkono kwenye Golf GTI na magari mengine ambayo kompyuta yake hupanga nguvu kwa kukadiria nguvu ya kuizungusha shafti (torque). Kompyuta ikiona presha ambayo haikuiomba, hufunga kipepeo na kuwasha taa. Magari hayo huongezwa presha kwa programu.

Solenoidi na kompyuta

Magari mengi ya Kijapani yana solenoidi (vali ya umeme) ya kiwandani yenye midomo miwili, inayomwaga sehemu ya hewa ya kopo kuirudisha kwenye paipu ya kuvutia hewa. Ndani ya mpira wake kuna kijipande cha shaba chenye tundu la karibu milimita moja, kinachopunguza hewa inayoingia kwenye mstari huo ili solenoidi iweze kuishinda. Ni kidogo kuliko punje ya mahindi, na mara nyingi hutupwa pamoja na mpira wa zamani na fundi aliyekuwa akifanya jambo jema la kuweka mipira mipya. Kikipotea, presha hushuka na hakuna programu itakayoirudisha. Kikibadilishwa na chenye tundu dogo zaidi, presha huruka juu. Kabla ya kumkubalia mtu kuandika programu mpya ya gari lako, ubonyeze mpira huo kwa vidole mpaka ukihisi kijipande hicho.

Solenoidi ya midomo mitatu ni bora, kwa kuwa huikata hewa ya kopo badala ya kuimwaga tu. Ukiiweka, ni lazima programu ibadilishwe pia, kwani asilimia za muda wa kufunguka zilizofaa ile ya zamani zitairusha presha kwenye hii. Mwambie anayeandika programu aanze na sifuri katika jedwali lote la asilimia hizo, ambapo presha inapaswa kulingana na ile uliyopima kwa mpira mfupi. Kisha apande kwa asilimia 5 kila mara, akiandika presha inayopatikana kwa kila hatua, na marekebisho ya kujiendesha ya kompyuta yakiwa yamezimwa. Jedwali likishakaribia lengo kwa lenyewe, ndipo marekebisho yawashwe, kwa kiasi kidogo. Mwandishi wa programu anayewasha marekebisho mapema ili yamfichie jedwali baya atakupa gari ambalo mshale wake wa presha hucheza juu na chini kama mtu mwenye kigugumizi.

Kipandishe pia kikomo cha kukata mafuta, lakini kibaki bar 0.1 hadi 0.15 tu juu ya lengo. Vifaa vinavyouzwa vya kuidanganya sensa ili mafuta yasikatwe kamwe sivipendi hata kidogo; ule mshtuko nilioupata Waiyaki Way ndio uliookoa pistoni zangu.

Presha isipotii

Presha ikiruka juu kwa sekunde moja kisha ikarudi kwenye lengo, westigeti inachelewa kufunguka: fupisha mipira, punguza asilimia za solenoidi kwenye mizunguko ambayo turbo inaamkia, au legeza ufito wa kopo kwa mzunguko mmoja wa nati yake ikiwa mtu aliukaza kupita kiasi. Ufito unahitaji mvuto kidogo ili kibao kisipigwe na moshi kikafunguka, lakini kuukaza ili kupata presha ya bure ni desturi mbaya.

Presha ikipanda polepole pamoja na mizunguko, 0.8 kwenye 4,000, 1.0 kwenye 5,000, 1.15 kwenye 6,000, tatizo ni jingine kabisa, nalo ni la kawaida sana hapa kwa sababu kila mtu huanza kwa kung'oa kataliti, yaani kisafishio cha moshi, na kuweka ekzosi pana. Moshi sasa unatoka kwa urahisi kiasi kwamba tundu la westigeti, hata likiwa wazi kabisa, halitoshi kuupitisha unaozidi. Ukitaka kuthibitisha, rudi kwenye mpira mfupi: presha ikiendelea kupanda bila kifaa chochote, basi skrubu na programu hazihusiki. Nyumba ya moshi itolewe, tundu lipanuliwe na fundi wa mashine anayejua unene wa chuma aliobakisha, au iwekwe westigeti ya nje. Wapo wanaotatua kwa kurudisha sailensa yenye kubana, na sioni aibu yoyote katika hilo.

Presha isipofika hata ya springi, ni mvujo, kibao kisichofunga, au turbo iliyochoka. Shika ufito kwa koleo, injini ikiwa baridi, uone kama unarudi kwa nguvu.

Safari ya pwani

Gari lenye kifaa cha mkono lililopangwa Nairobi kwa 0.9 litafika Mombasa likiwa bado na 0.9 kwenye geji, na dereva ataona kila kitu ni kama alivyokiacha. Injini, hata hivyo, itakuwa inapokea takriban asilimia 11 zaidi ya presha, na hewa inayovutwa ni ya moto zaidi kwa nyuzi nyingi, yaani masharti mawili ya kugonga yamekutana mahali ambapo jedwali la mafuta na cheche halijawahi kujaribiwa, kwa kuwa dayno ilikuwa Nairobi. Kompyuta inayolenga presha yote, na si ile ya juu ya hewa ya nje, hujirekebisha yenyewe. Kifaa cha shaba hakiwezi.

Kwa hiyo kabla ya kuondoka, legeza skrubu mpaka presha ishuke kwa bar 0.2, ambayo ndiyo karibu tofauti ya hewa ya miji hii miwili. Gari litahisi zito kutoka Mlolongo hadi Emali, na mwenye Probox atakupita. Kufikia Voi utakuwa umeanza kulitambua tena, na ukishuka Mariakani litavuta kama lilivyokuwa likivuta nyumbani, geji ikisoma 0.7. Ile alama ya rangi kwenye skrubu ndiyo itakayokurudisha 0.9 utakapokuwa umepanda tena.